Mabingwa wa sindano na waya tumewafundisha Muhimbili. Je, waya nani ananunua?

Wiki iliyopita niliandika hapa kuhusu madaktari wanaomaliza chuo halafu wanazunguka mtaani na bahasha za vyeti kwapani. Mdau mmoja akanishukia kama mwewe kwenye maoni: "Kama madaktari wamejaa mpaka wanakosa kazi, si tufunge vyuo vya udaktari tufungue vya kilimo?" Nilicheka. Halafu nikakaa nikawaza, maana swali lenyewe wala si la kijinga. Mnakumbuka mwaka 2017? Rais Magufuli alikubali kuwapa Wakenya madaktari 500, kwa sababu wenzetu walikuwa wametoka kwenye mgomo mrefu. Watu wakaomba, kesi ikafunguliwa mahakamani Kenya, mpango ukakwama, na mzee akaagiza wale 258 walioomba waajiriwe hapahapa nyumbani. Yaani nchi ilikuwa na madaktari wa kugawa!

Sasa sikiliza hii. Mwaka huohuo 2017, nchi yenye watu zaidi ya milioni 50, haikuwa na bingwa hata mmoja aliyesomea tiba radiolojia. Sifuri. Kwa hiyo ndugu mdau, unaweza kuwa na madaktari wa kugawa kwa jirani na bado ukamkosa daktari unayemhitaji usiku huu.

Kwanza tuelewane, maana najua kuna wanaojiuliza hiyo tiba radiolojia ni mdudu gani. Wengi wetu tukisikia radiolojia tunafikiria picha tu: eksirei ya kifua, utrasaundi ya mama mjamzito, CT-Scan ya jamaa aliyeanguka na bodaboda. Daktari mwenyewe hatumuoni, yuko kwenye chumba chenye giza anasoma picha na kuandika majibu. Huyu wa tiba radiolojia ametoka kwenye kile chumba. Picha kwake ni macho. Mkono mmoja umeshika kifaa cha utrasaundi, mwingine umeshika sindano, na anaipeleka sindano mpaka pale palipo na shida ndani ya mwili bila kumpasua mtu. Jipu kwenye ini? Sindano, mrija, usaha unatoka. Nyongo imeziba mtu amekuwa wa njano? Mrija. Mama amejifungua na damu haikati? Anapita kwenye mshipa wa pajani au mkononi, anaenda mpaka kwenye mshipa unaovuja, anauziba kwa ndani. Mgonjwa mara nyingi amepigwa ganzi tu, macho kodo, anaweza hata kukuuliza saa.

(Usichanganye na wale wa moyo. Pale pale Upanga kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na wao wanatumia waya na mirija, lakini ni kwa ajili ya moyo. Hawa ninaowasema ni wa ini, figo, kizazi, mapafu, mishipa ya miguu, karibu kila kitu kingine.)

Ufundi wenyewe ukiuona utasema mbona kama wa fundi umeme. Fundi akitaka kupitisha nyaya kwenye bomba lililofukiwa ukutani, anatanguliza waya mgumu wa kuongoza, ukishatokeza upande wa pili ndipo anavuta nyaya zenyewe. Na hapa ni vivyo hivyo: sindano inaingia, waya mwembamba unapita ndani ya sindano, sindano inatolewa waya unabaki, halafu mrija unateleza juu ya waya mpaka mahali pake. Mswidi mmoja, Sven-Ivar Seldinger, ndiye aliyeieleza mbinu hiyo mwaka 1953. Januari 1964 daktari Charles Dotter huko Portland, Marekani, akaitumia njia hiyo kumfungulia mshipa bibi wa miaka 82 ambaye mguu ulikuwa unaoza na alikuwa amekataa katakata kukatwa. Mguu ukapona. Bibi akatembea nao mpaka alipofariki, miaka miwili na nusu hivi baadaye. Januari 1964 sisi Tanganyika na Zanzibar hata kuungana bado! Pigeni hesabu wenyewe ni miaka mingapi ilipita mpaka kitu hiki kikaanza kufundishwa kwetu.

Kwa nini nalivalia njuga suala hili wakati mimi si daktari? Nitasema kidogo tu. Mwaka 2016 mama yangu mdogo alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Wanaojua ugonjwa huu wanajua tabia yake: uvimbe ukikua unabana ile mirija miwili inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mkojo ukikosa njia unarudi juu, figo zinajaa, zinazima. Mama mdogo miguu ilivimba, akawa anachanganya majina yetu, mimi ananiita kwa jina la marehemu kaka yake. Tulikuwa kwenye hospitali moja ya mkoa, siitaji, maana daktari alikuwa muungwana na alijitahidi. Alinivuta pembeni akasema, "Kaka, figo zimeziba. Hapa hatuna la kufanya." Tukarudi naye nyumbani. Wiki ya tatu tukamzika.

Miaka mitatu baadaye ndipo nikaja kusoma kwamba kuna kitu kinachotobolewa mgongoni, usawa wa figo, kwa sindano na utrasaundi, mrija unawekwa, mkojo unatokea kwenye mfuko wa nje. Kazi yenyewe, kwa mtu aliyeizoea, mara nyingi haimalizi saa nzima. Saratani haiponi kwa hilo, nisidanganye mtu. Lakini figo zinaamka, akili inarudi, na mgonjwa anapata muda wa kuanza mionzi au dawa, au basi tu wa kuagana na watoto wake akiwajua majina. Na saratani ya shingo ya kizazi ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Kwa hiyo huyo si mama mdogo wangu peke yake, kwa vyovyote hata wa kwako umo.

Haya, turudi Muhimbili.

Oktoba 2018 timu ya kwanza ya waalimu kutoka Marekani ikatua Dar. Waliolianzisha ni pamoja na Dkt. Fabian Laage Gaupp, ambaye wakati huo mwenyewe alikuwa bado anasomea ubingwa Chuo Kikuu cha Yale, na Dkt. Frank Minja aliyekuwa mwalimu hapohapo Yale, wakishirikiana na madaktari wa radiolojia wa Muhimbili. Mpango wao wakauita Road2IR. Utaratibu ukawa kwamba karibu kila mwezi inakuja timu nyingine, inakaa kama wiki mbili. Na hapa ndipo mimi nilipowavulia kofia: timu haikuwa ya daktari peke yake, alikuja na nesi na radiografa. Daktari anafundisha daktari, nesi anafundisha nesi. Maana unaweza kumfundisha daktari mmoja akawa moto wa kuotea mbali, lakini kama nesi aliye pembeni hajui waya upi uko kwenye pakiti ipi, mgonjwa analala mezani watu wanafungua makabati. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Muhimbili, yaani MUHAS, kikaanza kutoa shahada ya uzamili ya somo hilo, miaka miwili. Mwaka 2021 wa kwanza wakahitimu. Wote pamoja ungewapakia siti ya nyuma ya daladala, lakini ndio hao, kutoka sifuri.

Kuna watu watasema, "Aah, wazungu wanakuja wiki mbili, wanapiga picha na wagonjwa, wanaenda Zanzibar, wanarudi kwao." Na mimi nimewahi kuandika hayo, tena kwa maneno makali kuliko hayo, na sijayafuta. Utalii wa udaktari upo kwa sana tu. Lakini mimi kipimo changu ni kimoja: mgeni akiondoka, kazi inasimama au inaendelea? Mwaka 2020 korona ilifunga anga, ndege hazikuja, na ziara zikakatika. Kama ingekuwa ile michezo tunayoijua, chumba kingefungwa kofuli na ufunguo ungepotea. Badala yake mwaka uliofuata watu wamehitimu. Kwangu mimi huo ni ushahidi unaozidi hotuba.

Mwingine atauliza: kwa nini tusiwapeleke vijana wakasome hukohuko kwenye mashine za kisasa? Swali zuri, na jibu lake watu wengi hawalijui. Marekani, daktari mgeni asiye na kibali cha kutibu huko haruhusiwi kumgusa mgonjwa. Anaruhusiwa kutazama. Unakaa miezi mitatu umevaa lile koti zito la risasi la kuzuia mionzi, umesimama nyuma, unaangalia mikono ya mwenzio. Nani amejifunza baiskeli kwa kuangalia? Njia ya kumpa mtu wetu sindano mkononi ni moja tu, mwalimu aje alipo mgonjwa. Na ile njia nyingine, ya kuingia kwenye mafunzo yao kamili, ni ndefu na ukiimaliza hurudi. Wao wenyewe walilifanya somo hili kuwa ubingwa unaojitegemea mwaka 2012 tu, na siku hizi daktari wao anatumia miaka sita baada ya kutoka chuo, ila analipwa mshahara miaka yote sita.

Neno mshahara limenikumbusha. Wewe unayejaza fomu za chuo hapo kafe na unaota koti jeupe, hebu hesabu nami. Ukitoka kidato cha sita, udaktari miaka 5. Intani mwaka 1. Ubingwa wa radiolojia miaka 3. Halafu tiba radiolojia miaka 2. Hiyo ni 11 bila kufeli wala kusubiri ajira hata siku moja, na nani asiyesubiri? Na daktari anayesomea ubingwa kwetu anahesabiwa mwanafunzi. Analala zamu, anaona wagonjwa, anaitwa usiku wa manane, na bado kuna ada ya kulipa! Mwenye mwajiri aliyemruhusu ana nafuu, mshahara unaendelea. Asiye naye anachangishwa na ukoo kama harusi. Serikali ina ule mpango wa ufadhili wa ubingwa na ubobezi uliopewa jina la Rais Samia, na umewasaidia wengi, sifa iende inakostahili. Lakini ada si mahali panaponinyima usingizi.

Panaponinyima usingizi ni kwenye kabati.

Daktari wa upasuaji ana mkasi na kisu, vinachemshwa, kesho vinatumika tena. Huyu wa waya na mirija vitu vyake vingi ni vya mgonjwa mmoja, unafungua pakiti, unatumia, unatupa. Sindano maalumu, waya wa kuongoza, katheta, mirija ya figo, mirija ya nyongo, chembechembe za kuzibia mishipa. Kila mgonjwa ana kifurushi chake, na vingi vya vitu hivyo havitengenezwi hapa. Wale walioanzisha mpango waliliona mapema na wakaliandika wazi kwenye majarida ya kitaaluma: vikwazo vikubwa ni vitatu, mafunzo, mashine na hivi vifaa vya kutumia na kutupa. Mafunzo yakapata dawa. Mashine zinanunuliwa, maana mashine ina utepe wa kukata na kiongozi wa kukata utepe. Waya una utepe gani? Nani ataalika waandishi wa habari kuja kupiga picha boksi la mirija?

Kwa hiyo sehemu kubwa ya vifaa mwanzoni ilikuja kama msaada, mingine kwenye mabegi ya waalimu wenyewe. Siwalaumu, bila hivyo pasingekuwa na mwanzo. Ila msaada una tabia zake. Unapokea kilichopo, si unachotaka. Unataka mrija wa saizi fulani wanakuletea saizi nyingine, au boksi zima limebakiza miezi michache muda wake uishe. Huwezi kumwambia mgonjwa wa Alhamisi kwamba nyongo yake isubiri mwezi ujao kuna mtu anakuja na begi. Na kwa mwanafunzi ni mbaya zaidi, maana mikono hii inajifunza kwa kurudiarudia. Daktari aliyehitimu vizuri, akapelekwa mahali pasipo na waya, baada ya mwaka mmoja ni msoma picha tena. Miaka 11 imekwenda, tumepata mtu wa kuandika majibu ya eksirei mwenye shahada nyingi. Sasa hiyo si hasara ya mkono wa kushoto kulipa na wa kulia kumwaga?

Najua mdau wangu wa kilimo anasubiri hapo chini na rungu: "Zahanati hazina Panadol wewe unataka waya za dola!" Nalijibu kwa heshima. Kwanza, ni kweli, na zahanati zipewe Panadol. Lakini mtu mwenye usaha tumboni usipomwekea mrija hatumii Panadol, anapasuliwa. Anahitaji chumba cha upasuaji, usingizi, damu ya akiba, kitanda siku kadhaa, na ndugu wa kumletea chakula mchana na jioni. Hizo nazo ni pesa, sema tu tumezizoea hatuzihesabu. Tena nyingine zinatoka mfukoni mwa familia, hazionekani kwenye bajeti ya mtu. Chukua na uvimbe wa kizazi, faibroidi, ambao unawasumbua wanawake weusi kuliko wengine. Tangu mwaka 1995, Wafaransa walipotangaza matokeo yao, inajulikana kwamba unaweza kuziba mishipa inayolisha uvimbe ukanywea, bila kutoa kizazi. Si kwa kila mwanamke, na kwa anayetafuta mtoto madaktari wenyewe bado wanavutana. Lakini dada zetu wangapi wameambiwa dawa ni kukitoa, wakakimbilia kwa waganga kwa kuogopa, wakarudi wana damu chache kuliko chupa moja ya soda?

Ninachotaka mimi ni kitu kidogo, tena cha kuchosha kusoma. Nataka vifaa hivi viwe na mistari yao kwenye orodha ya manunuzi, kwa majina na saizi, viagizwe kupitia Bohari ya Dawa kama vinavyoagizwa nyuzi za kushonea. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Basi kwenye mafao yake mrija wa figo uandikwe kwa jina. Bima ikilipa, hospitali inaagiza. Hospitali ikiagiza mfululizo, muuzaji anaweka akiba Dar badala ya kusubiri meli. Na mwanafunzi anapata mgonjwa wa kufanyia kazi Jumatatu mpaka Ijumaa, si mpaka boksi litakapofika.

Na jambo la pili, wahitimu wasirundikwe Dar. Najua Dar ndiko kuliko na mashine, na ndiko kuliko na hospitali binafsi zenye mkwanja wa kuwang'oa, na anayetaka mbali zaidi Ghuba haiko mbali. Simlaumu mtu kwa kutafuta maisha. Lakini kuna Bugando, kuna KCMC, kuna Mbeya, kuna Benjamin Mkapa pale Dodoma. Nyingi ya kazi hizi za awali, jipu, figo, kuchukua kinyama cha kupima, hazihitaji mashine ya mabilioni. Zinahitaji utrasaundi, ambayo hospitali hizo zinazo, na mkono uliofundishwa, na kile kifurushi.

Kwa sababu kuna jambo moja nimeliacha mpaka hapa. Ule mrija wa figo haukai milele. Unaziba, unaota uchafu, kwa hiyo unatakiwa kubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Sasa mchukue mama wa Bukoba mwenye mrija mgongoni na mfuko wa mkojo umefungwa pajani chini ya kanga. Barabara ni zaidi ya kilomita elfu moja mpaka Muhimbili, na abiria wa pembeni anauliza hiyo harufu inatoka wapi. Kila miezi mitatu. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na ya yule binti anayemsindikiza, ambaye shule ameshaiacha.

Madaktari na manesi mliopo humu, hasa mnaofanya kazi mikoani: mgonjwa wa namna hiyo akifika kwenu leo, mrija anabadilishiwa wapi? Andikeni hapo chini, majina ya hospitali yaacheni, mkoa unatosha.